Bidhaa za matumizi Panda: kutoka posho ya kambi hadi meka ya sokoni

Bidhaa za matumizi ni zile zinazokwisha kwa kutumiwa: unga, chumvi, mafuta, sabuni, makaa ya kupikia. Baiskeli au cherehani hununuliwa mara moja na kudumu miaka, lakini unga ulioliwa leo hutafutwa tena kesho. Ndiyo maana maisha ya nyumba humtegemea yule anayekijaza tena kilichopungua. Panda, komine ya mji wa Likasi katika Haut-Katanga nchini Kongo, imeona kazi hiyo ikitoka mkono mmoja hadi mwingine kwa muda wa karne moja.

Kabla ya migodi ya Wazungu, bidhaa kuu ya eneo hili iliyokwisha jikoni ilikuwa chumvi. Kwenye chemchemi za Mwashya, katika bonde la Lufira, Wasanga walichemsha maji ya chumvi na kuibadilisha na watu wa mbali. Shaba nayo ilifuliwa kuwa misalaba midogo iliyotumika kama fedha. Shaba iliwekwa akiba, chumvi ililiwa. Msiri, aliyetawala kutoka Bunkeya hadi alipouawa Desemba 1891, alipokea ushuru wa vyote viwili.

Kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa 1906, na reli ikafika Élisabethville, leo Lubumbashi, mwaka 1910. Katika miaka ya 1920 viwanda vya kuchambua na kuyeyusha madini vilijengwa Panda, na kambi za wafanyakazi zikazunguka viwanda hivyo. Mji wenyewe wa Likasi uliitwa Jadotville kuanzia 1931. Wafanyakazi walitoka Kasai, Lomami, Rodesia ya Kaskazini, leo Zambia, na Ruanda-Urundi. Mashamba yao yalibaki nyuma, na wakulima wa jirani walikuwa wachache mno kuwalisha. Kwa hiyo kampuni ilinunua mahindi mengi, mengine kutoka Rodesia, ikawagawia chakula watu wake.

Mgao huo ndio posho. Ulihesabiwa kuwa sehemu ya ujira: unga wa mahindi, nyama au samaki, maharagwe au karanga, mafuta ya mawese na chumvi. Kuanzia 1928, kampuni ilipoamua kuwaweka wafanyakazi na familia zao kambini kwa mikataba mirefu, mke na watoto nao walipata fungu lao. Sababu haikuwa huruma peke yake. Miaka ya mwanzo magonjwa na lishe duni viliua watu wengi, na kila aliyekufa au kutoroka ilibidi apatiwe badala yake kutoka mbali kwa gharama. Lakini posho ilifunga pia. Aliyeacha kazi alipoteza mshahara, nyumba na chungu cha bukari, yaani ugali, kwa siku moja.

Vitu ambavyo posho haikuvigusa, kama vitambaa na sukari, vilinunuliwa kwa fedha dukani. Hapo bei ilikuwa na neno la mwisho. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia bidhaa za nje zilipanda bei kuliko mishahara, na Desemba 1941 wafanyakazi wa Jadotville na Élisabethville waligoma wakidai nyongeza. Tarehe 9 Desemba askari waliwafyatulia risasi wagomaji wa Élisabethville na kuwaua wengi.

Serikali ilipotaifisha kampuni mwaka 1967, shirika lililoitwa baadaye Gécamines lilirithi desturi ya posho. Pamoja na mshahara, shule na hospitali, mfanyakazi alipata gunia la unga. Watu wa kambi waliiona kampuni kama baba na mama, na jirani asiye na mtu Gécamines aliiona tofauti yake na wao kila mwezi ulipoanza.

Viwanda navyo vina bidhaa zake zinazokwisha. Kiwanda cha Shituru, jirani ya Panda, kilichoanza 1929, kilitumia asidi ya salfuri kuyeyusha shaba kutoka kwenye madini, na umeme kuikusanya. Fedha za kigeni zilipokosekana kununua mahitaji kama hayo pamoja na vipuri, mitambo ilisimama. Uzalishaji wa shaba wa Gécamines ulikuwa takriban tani 476,000 mwaka 1986. Katikati ya miaka ya 1990 ulikuwa umeshuka hadi karibu tani 30,000. Mishahara ilichelewa na gunia la unga likakoma. Kuanzia 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia.

Tangu hapo mzigo wa kujaza tena umeangukia soko, na hasa wanawake. Mama wa nyumba asiyeweza kununua gunia hununua unga kwa meka, yaani chombo cha kupimia cha sokoni, mafuta kwa kikombe, makaa, yaitwayo hapa makala, kwa kifuko kidogo. Ununuzi wa rejareja huruhusu kula kwa fedha ya siku hiyo, lakini kilo kwa kilo huwa ghali kuliko gunia, kwa hiyo mwenye kipato kidogo hulipa zaidi. Samaki hutoka Ziwa Tshangalele, lililotokea bwawa la Mwadingusha lilipojengwa kwenye Lufira kufikia 1930. Sombe, yaani majani ya muhogo, hutoka bustani za pembeni. Makala hutoka misitu ya miombo, ambayo inazidi kuwa mbali na mji.

Unga unabaki kuwa kipimo cha mengine yote. Haut-Katanga bado huagiza mahindi mengi kutoka Zambia, na Zambia inapofunga mauzo ya nje baada ya ukame, bei ya meka hupanda Likasi. Nyumba nyingi huanza kwa kupunguza mboga, kisha idadi ya milo, na bukari huwa cha mwisho kuguswa.