Jenerali aliyejiandikia msamaha

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Juma hili tumtazame mtu aliyeiwamba ngoma ya nchi nzima, akaivutia ngozi kwake kwa karibu miaka 30, mpaka ikaja kupasuka yeye akiwa mzee wa kitandani. Mtu huyo ni Jenerali Kenan Evren wa Uturuki.

Evren alizaliwa mwaka 1917 katika mji wa Alaşehir, magharibi mwa Uturuki. Alikulia katika jamhuri mpya iliyoasisiwa na Mustafa Kemal Atatürk, ambaye naye alikuwa mwanajeshi. Mwaka 1938, mwaka ule ule aliofariki Atatürk, kijana Evren alihitimu chuo cha kijeshi akawa ofisa wa mizinga. Alipanda ngazi moja baada ya nyingine. Alitumikia Korea mwishoni mwa miaka ya 1950, akapata ujenerali mwaka 1964, na Machi 1978 akateuliwa kuwa Mkuu wa Majeshi.

Jeshi alilokabidhiwa halikuwa geni katika siasa. Lilijihesabu kuwa mlinzi wa urithi wa Atatürk. Mwaka 1960 lilipindua serikali, na mwaka uliofuata Waziri Mkuu aliyepinduliwa, Adnan Menderes, alinyongwa. Mwaka 1971 halikuhitaji hata vifaru: liliandika barua tu, na Waziri Mkuu Süleyman Demirel akajiuzulu.

Tuwe waadilifu, wasikilizaji. Uturuki ya mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa inaungua. Vijana wa mrengo wa kushoto na wa kulia waliuana mitaani na katika vyuo vikuu. Sikukuu ya wafanyakazi mwaka 1977, watu zaidi ya 30 walipoteza maisha katika uwanja wa Taksim mjini Istanbul. Desemba 1978, zaidi ya mia moja waliuawa katika mji wa Maraş. Julai 1980 aliuawa Nihat Erim, aliyepata kuwa Waziri Mkuu. Bei zilipanda bila breki. Na wakubwa walikuwa wapi? Rais alipomaliza muda wake Aprili 1980, Bunge lilipiga kura zaidi ya mara mia moja kumtafuta mrithi, na halikumpata. Wanasiasa hawakuweza kukubaliana hata juu ya mtu mmoja wa kukaa katika kiti kimoja.

Ndipo alfajiri ya Ijumaa, tarehe 12 Septemba 1980, redio ya taifa ilipotangaza kwamba jeshi limeshika nchi. Demirel, aliyekuwa amerudi madarakani, aliondolewa kwa mara ya pili. Bunge lilivunjwa, vyama vikapigwa marufuku, na majenerali watano, Evren akiwa mwenyekiti wao, wakawa ndio serikali. Ni lazima tukiri pia kwamba raia wengi siku hiyo walishusha pumzi. Milio ya risasi mitaani ilikoma karibu mara moja.

Lakini ukomo huo wenyewe ulizaa swali. Demirel baadaye aliuliza: ile damu iliyokuwa ikimwagika tarehe 11, ilikomaje tarehe 12? Swali hilo lina uzito, kwa maana mikoa mingi ilikuwa chini ya sheria za kijeshi tangu mwisho wa 1978. Askari walikuwepo mitaani, amri walikuwa nayo. Kama moto uliweza kuzimwa kwa siku moja, kwa nini mwenye ndoo ya maji alisubiri?

Amani ile ilikuwa na bei yake. Watu wapatao 650,000 walikamatwa. Watu 50 walinyongwa. Wengi waliteswa, na jina la gereza la Diyarbakır likawa la kutisha kwa Wakurdi. Maelfu walivuliwa uraia. Miongoni mwa walionyongwa alikuwamo Erdal Eren, aliyehukumiwa kwa kumuua askari. Watetezi wake walisisitiza kwamba alikuwa na miaka 17 tu. Evren mwenyewe, katika hotuba mjini Muş mwaka 1984, aliwauliza wananchi kama mtu wa namna hiyo asinyongwe, bali alishwe tu. Maneno hayo Waturuki hawakuyasahau.

Sasa tufike kwenye ngoma na ngozi. Novemba 1982 majenerali waliwapelekea wananchi katiba mpya wapige kura ya maoni. Evren alizunguka nchi akiinadi. Kuipinga hadharani kulipigwa marufuku. Asiyejitokeza kupiga kura alinyang'anywa haki ya kupiga kura kwa miaka mitano. Zaidi ya asilimia 91 wakasema ndiyo, na kwa ndiyo hiyo hiyo Evren akawa Rais kwa miaka saba bila mpinzani. Na ndani ya katiba hiyo kulikuwa na kifungu cha muda, cha 15, kilichosema majenerali wale hawatashitakiwa kwa waliyoyatenda. Kiliitwa cha muda, kikadumu miaka 28.

Hata hivyo, wananchi hawakukawia kuonyesha walichokuwa nacho moyoni. Katika uchaguzi wa 1983, ulioruhusiwa vyama vitatu tu, Evren alikwenda kwenye televisheni kuwaonya watu dhidi ya Turgut Özal. Özal akashinda, na chama kilichoongozwa na jenerali mstaafu kikawa cha mwisho. Mwaka 1989 Özal huyo huyo ndiye aliyempokea Evren kiti cha urais. Na Demirel, aliyepinduliwa mara mbili, akawa tena Waziri Mkuu mwaka 1991, kisha Rais mwaka 1993. Evren alihamia Marmaris, mji wa pwani, akawa mchoraji wa picha.

Angeweza kufa hivyo. Lakini tarehe 12 Septemba 2010, miaka 30 kamili tangu alfajiri ile, Waturuki walipiga kura nyingine ya maoni, na asilimia 58 wakakubali marekebisho yaliyofuta kifungu cha 15. Kesi ilianza Ankara Aprili 2012. Kati ya majenerali watano walikuwa wamebaki hai wawili tu. Evren alijibu mashitaka kutoka hospitali kwa njia ya video. Juni 2014 alihukumiwa kifungo cha maisha, na mahakama ikaamuru ashushwe mpaka askari wa kawaida. Alifariki tarehe 9 Mei 2015, akiwa na miaka 97, rufaa yake haijamalizika. Akazikwa katika makaburi ya taifa ya viongozi.

Je, haki ilitendeka? Walionyongwa hawakurudi. Na ile katiba ya 1982, ingawa imerekebishwa mara nyingi, ndiyo inayotumika hadi leo. Haki iliyofika ikitembea kwa mkongojo haiwezi kudai kwamba iliwahi. Wala tusiwasahau wale wabunge waliopiga kura mara mia bila jibu; ugomvi wao ndio ulioacha mlango wazi.

Lakini jambo moja, wasikilizaji, lilikuwa dhahiri tangu 1982, kabla ya hakimu yeyote kuketi. Mtu asiyejiona na kosa hana haja ya kujiandikia msamaha. Kifungu kile walichokiandika kiwe ngao kilikuwa pia ni ungamo lao, lenye saini zao. Popote mtawala anapojitungia sheria ya kutoshitakiwa, mwananchi asiulize inamlinda na nani. Aulize amefanya nini.