Kifuu cha Chikichi

Tunda la mchikichi hutoa mafuta ya namna mbili, na lugha yetu imeyatenga kwa majina: mawese hukamuliwa katika nyama ya tunda, mise katika kiini cha mbegu. Kemia yathibitisha utengano huo. Katika mawese, asidi ya palmitiki hufikia kiasi cha asilimia 44, na ya oleiki asilimia 39 hivi. Katika mise, karibu nusu ni asidi ya loriki. Ndiyo maana sabuni yake hutoa povu jingi.

Baina ya nyama na kiini pana kifuu kigumu. Ndani yake hulala kiinitete, ambacho kikichipua hula akiba ya mafuta ya kiini mpaka majani yapate nguvu. Kwa mche, kifuu ni ngao. Kwa mkamuaji, kifuu kinene ni upungufu wa nyama.

Michikichi ya misitu ya Afrika haifanani. Mingi ina kifuu kinene, michache kifuu chembamba, na mingine haina kifuu kabisa, nayo aghalabu haizai. Kwa miaka mingi wataalamu walipanda mbegu za mti wenye kifuu chembamba, wakastaajabu kuona sehemu ya miche ikirudia unene.

Jawabu lilipatikana Yangambi, kando ya mto Kongo. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen walieleza kwamba kifuu chembamba huzaliwa na mzazi mwenye kifuu kinene na mzazi asiye nacho. Watoto wa kwanza wote huwa na kifuu chembamba. Wakizaliana wao kwa wao, nusu tu hufanana nao. Robo hupata kifuu kinene, na robo hukosa kifuu.

Elimu hiyo ilisafiri. Miche minne ya asili ya Afrika iliyopandwa Buitenzorg, kisiwani Java, mwaka 1848, ilikuwa imeacha kizazi cha kifuu kinene. Kizazi hicho kilipopandishwa kwa chavua ya michikichi ya asili ya Kongo, Malaysia na Indonesia zilipata mbegu bora za mashamba yao makubwa. Kongo yenyewe, iliyokuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mawese kabla ya uhuru wa 1960, leo huyanunua ng'ambo. Sababu ni nyingi, vita vikiwamo. Lakini mbegu ni mojawapo.

Hata sasa mkulima aokotaye mbegu chini ya mti wake mzuri hupanda hasara asiyoiona mpaka miaka mitatu au minne ipite. Mwalimu akipasua chikichi moja mbele ya wanafunzi, na kuwaonyesha kifuu, atakuwa amewafundisha kemia, historia na tahadhari kwa pamoja.