Chewa wa Dubai: kutoka dema hadi mshipi wa mtalii

Mtalii anayekodi boti Dubai Marina au Umm Suqeim hutaka samaki wa kupiga naye picha. Hahitaji kujua lolote la uvuvi. Nahodha ndiye anayejua mwamba uko wapi na meli iliyozama imelala wapi. Humtilia chambo, humwonyesha namna ya kuteremsha mshipi hadi chini, kisha wote husubiri mvuto mzito wa chewa, ambaye Waarabu wa Ghuba humwita hamour. Biashara hii bado changa. Chewa mwenyewe amekuwa akiilisha Dubai tangu haina ghorofa hata moja ya vioo.

Kabla ya mafuta, mji uliishi kwa lulu. Lulu za kufugwa za Japani zilipoiangusha biashara hiyo kuanzia miaka ya 1930, bahari ikabaki na kazi mbili kubwa: safari za biashara na uvuvi. Majahazi ya Ghuba yalishuka na kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Unguja, yakarudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti za mikoko. Ukiingia leo nyumba za zamani za mtaa wa Al Fahidi, inua macho utazame dari. Mbao za kwetu zimo humo.

Chewa alivuliwa kwa gargur. Mvuvi wa Unguja akiliona hatauliza ni nini, maana ni dema tu, ila la duara kama kuba. Mlango wake ni mpana kwa nje na unazidi kuwa mwembamba kuelekea ndani, hivyo samaki huingia kwa raha na kutoka ikamshinda. Zamani lilisukwa kwa makuti ya mtende, likikaa sana majini linaoza. Mafuta yaligunduliwa Dubai mwaka 1966, shirikisho la Falme za Kiarabu likaundwa 1971, na fedha zikaja na injini, boti za fiberi na magargur ya waya. Waya hauozi upesi. Gargur lililokatika kamba likapotea huendelea kuvua peke yake: samaki huingia, hufa, na mzoga wake huita wengine.

Hasara ilionekana kwenye vipimo. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilipima samaki wa Ghuba mwishoni mwa miaka ya 1970. Uchunguzi wa mwaka 2002 ulipolinganishwa na wa 1978, samaki wanaokaa chini ya bahari katika maji ya Falme walikuwa wamepungua kwa takriban asilimia 80. Mwaka 2010 wahifadhi walianza kampeni ya kuwataka wanunuzi wachague samaki wengine, wakisema chewa anavuliwa mara saba ya kiasi kinachostahimilika. Kwa mji ambao kila mgeni alikuwa akiambiwa aonje hamour, haukuwa ujumbe mtamu.

Serikali haikukaa kimya. Sheria ya shirikisho namba 23 ya mwaka 1999 iliweka msingi wa kulinda viumbe wa majini. Changu na tasi wakapewa mapumziko ya kutaga mayai, Machi na Aprili, na nguru akapewa ya kwake kuanzia Agosti 15 hadi Oktoba 15. Jirani, Abu Dhabi ilikwenda mbali zaidi na kupiga marufuku gargur mwaka 2019. Chewa naye akawekewa kipimo: asivuliwe akiwa chini ya sentimita 45.

Kipimo hicho ni kizuri, lakini kwa maoni yangu kinatazama upande mmoja. Chewa huanza maisha akiwa jike. Baadhi yao, wakishakuwa wakubwa, hugeuka madume. Hivyo yule anayejaza picha, anayebebwa kwa mikono miwili, ana uwezekano mkubwa wa kuwa dume, na madume ni wachache tangu mwanzo. Tena, mnamo Aprili na Mei, chewa hukusanyika kutaga. Mvuvi wa zamani aliyezijua sehemu hizo alizishika kichwani na kumrithisha mwanawe. Sasa alama ya setilaiti inatosha, na anayeongoza wageni anaweza kurudi pale pale, siku baada ya siku. Sentimita 45 zinamlinda mtoto, babu hazimlindi.

Manahodha wengi watakwambia samaki mkubwa hurudishwa baharini. Kwa mbasi, samaki wa juu juu anayevuliwa na wageni msimu wa baridi, hilo ni jepesi: akitolewa ndoana upesi, anaondoka. Chewa ni mambo mengine. Akivutwa haraka kutoka kina kirefu, kibofu chake cha hewa huvimba, macho humtoka, na wakati mwingine tumbo hujitokeza mdomoni. Ukimtupa hivyo ataelea, na shakwe watamwahi. Inabidi ashushwe kwa kamba yenye uzito hadi kina ambacho hewa itabanwa tena, ndipo aachiwe. Kazi hiyo huchukua dakika kadhaa, na mgeni aliyelipia saa nne huwa tayari anauliza ndoana yake ya pili iko wapi.