Mercury na Tope la Afrika Mashariki

Jioni ya tarehe 16 Desemba 1938 jiwe lilidondoka kutoka angani karibu na Ivuna, kusini-mashariki mwa Ziwa Rukwa. Lililookotwa lilikuwa na uzito wa gramu 705 tu. Hata hivyo, wataalamu wa vimondo wanalijua jina la Ivuna kuliko Watanzania wengi wanavyolijua, kwa sababu vimondo vya aina ile vilivyoonekana vikianguka duniani ni vitano, na kundi lao zima hutambulishwa kwa herufi ya kwanza ya jina la kijiji hiki.

Majira hayohayo, huko Michigan, Edsel Ford, mtoto wa pekee wa Henry Ford, alikuwa akiingiza sokoni gari jipya aliloliita Mercury. Pengo la kampuni alilijua vizuri. Chini kulikuwa na Ford, gari la mtu wa kawaida. Juu kulikuwa na Lincoln, gari la tajiri. Katikati wateja walikuwa wakienda kwa washindani. Mercury ya kwanza ilipewa injini ya V8 yenye nguvu za farasi 95, kumi zaidi ya Ford ya kawaida, na kuanzia hapo sifa yake ikawa moja: gari la mtu anayependa kwenda kasi lakini hawezi kununua Lincoln.

Nimelifuatilia jina hilo kwa sababu miaka 26 baadaye lilikuja lenyewe Afrika Mashariki kutafuta sifa. Nimeanzia Ivuna, na sababu ninayo. Anayetaka kujua gari lilivyoishi katika nchi hizi aanze na njia zilizokuwapo kabla yake. Hapa Ivuna watu walikuwa wakichemsha maji ya chemchemi na kupata chumvi karne nyingi kabla ya mkoloni kufika. Mwaka 1966 wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichimba hapa na kukuta matabaka kwa matabaka ya majivu na vigae vya vyungu. Chumvi ile ilipanda milimani kwa miguu, juu ya vichwa na mabega, hadi kwa Wanyiha na Wanyamwanga. Njia haikuchorwa na mhandisi. Ilichaguliwa na miguu iliyobeba mzigo, na miguu yenye mzigo haichagui vibaya.

Kutoka bondeni nilipanda kwa barabara ya Kamsamba hadi Mlowo, kisha nikashika lami ya kwenda Tunduma. Hapo mtu anaingia kwenye njia nyingine yenye historia yake, ile ambayo Waingereza waliiita Great North Road, Barabara Kuu ya Kaskazini: inatoka Afrika Kusini, inakatiza Zambia, inavuka mpaka Tunduma, inapita Mbeya, Iringa, Dodoma, Kondoa, Babati na Arusha hadi Nairobi. Leo Tunduma ni foleni ya malori kutoka mwanzo hadi mwisho. Zamani ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na gari lililopita hapa lilihitaji tumbo la juu, springi nene na injini isiyokata tamaa mlimani.

Magari ya Kimarekani yalikuwa na vitu hivyo vyote. Ford ilifungua kiwanda Port Elizabeth mwaka 1924, General Motors ikafuata mjini humohumo mwaka 1926, na matawi ya Kanada nayo yakatengeneza magari yenye usukani wa kulia kwa ajili ya makoloni ya Mwingereza. Katika miaka ya 1930 Chevrolet, Dodge na Ford zilikuwa magari ya kazi: ya mkulima, ya mmisionari, ya mfanyabiashara wa Kihindi aliyepeleka bidhaa porini. Hakuna aliyezinunua kwa ajili ya mashindano. Zilinunuliwa kwa sababu zilifika.

Sasa tuje kwenye Pasaka ya mwaka 1964.

Mbio za East African Safari zilikuwa zimeanza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na kufikia miaka ya sitini zilikuwa zimejulikana duniani kuwa mtihani mgumu kuliko yote. Mwaka 1963 magari 84 yalianza, yakamaliza saba. Saba! Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda kwa Peugeot 404. Kampuni yoyote iliyotaka kuuambia ulimwengu kwamba gari lake ni imara ilijua pa kwenda.

Mercury ilikuwa na njaa ya sifa hiyo. Gari lake dogo, Comet, liliingia sokoni mwaka 1960 kama yatima: lilibuniwa kwa ajili ya Edsel, chapa nyingine ya Ford iliyokufa Novemba 1959, na mwanzoni liliuzwa bila hata kuandikwa Mercury. Wakubwa wa kampuni wakaamua kulitengenezea jina kwa nguvu. Mwishoni mwa mwaka 1963 walipeleka Comet kadhaa kwenye uwanja wa Daytona, Florida, zikazungushwa usiku na mchana kwa takriban siku 40 mpaka kila moja ikatimiza maili 100,000, kwa mwendo wa wastani wa zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Lilikuwa jambo kubwa kweli. Injini iliyostahimili hayo ilistahili heshima, nami naipa.

Kisha wakazileta Comet nyingine Nairobi. Bill Stroppe, fundi mashuhuri wa magari ya mbio kutoka Long Beach, California, ndiye aliyeziandaa. Comet sita ziliingia mashindanoni zikiwa na V8 ya takriban lita 4.7, mara tatu ya injini ya Ford Cortina GT iliyokuwa ikitoka Dagenham, Uingereza. Ukiangalia karatasi tu, ungeweka dau lako kwa Mmarekani.

Lakini ilikuwa masika. Njia ya karibu kilomita 5,000 ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo ilikuwa imebakiza mwezi mmoja kuungana na Zanzibar, na kwenye tope nguvu nyingi ni mzigo. Gurudumu linazunguka bure, gari zito linashuka hadi kwenye ekseli, na kulitoa kunahitaji kijiji kizima kusukuma. Angalia alivyofanya Erik Carlsson wa Sweden, aliyekuwa na Saab ndogo. Ilipokwama shimoni, yeye na msaidizi wake Gunnar Palm waliibiringisha kwa ubavu mpaka ikatoka, wakaisimamisha, wakaendelea na safari. Wakamaliza wa pili. Jaribu kubiringisha Comet!

Washindi walikuwa Peter Hughes na Bill Young, wakazi wa Kenya, ndani ya Ford Cortina GT. Magari 94 yalikuwa yameanza na 21 yakamaliza. Comet mbili tu kati ya sita zilifika, ya 18 na ya 21. Yaani kampuni moja ilijishinda yenyewe: binti wa Uingereza mwenye injini ya lita moja na nusu alibeba kombe, binti wa Marekani akafunga mkia. Kwa maoni yangu, kumaliza katika kundi la magari 21 kati ya 94 si aibu, na waliozifikisha Comet zile mbili Nairobi walifanya kazi ya kiume. Ila waliozituma walitaka ushindi wa kutangaza magazetini, na ule haukupatikana.

Mwaka uliofuata Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo iliyokwisha kutumika. Mwaka 1966 na 1967 ikawa zamu ya Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, na Chris Rothwell, kwa Peugeot 404. Hawa hawakuwa wageni waliokuja na kuondoka. Walikaa hapahapa, wakatengeneza magari yao hapahapa, na kila kokoto waliijua. Baadaye Peugeot na Datsun zikajaa barabarani kwetu, kwa sababu aliyeziona zikishinda aliweza kwenda mjini akazikuta dukani, na zilipoharibika akamkuta fundi mwenye spea. Comet haikuwa na kitu hicho. Ilikuja kupigwa picha.

Huku kusini barabara ilikuwa inasubiri mtihani mzito kuliko mbio. Novemba 11, 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa Rhodesia ya walowezi. Zambia ikakatiwa mafuta, na njia kuu iliyobaki ikawa hii ya Tunduma. Malori yalibeba mapipa ya petroli kutoka Dar es Salaam kwenda, yakarudi na shaba. Madereva waliiita Hell Run, mbio za jehanamu, na wengi walikufa kwenye kona za milima. Mwaka 1966 serikali za Zambia na Tanzania zilianzisha kampuni ya pamoja ya malori pamoja na Waitaliano, na Fiat zenye matrela zikaanza kutawala njia. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA lilipunguza mzigo, baadaye lami ikamalizwa kwa fedha za Marekani, Benki ya Dunia na wengineo, na reli ya TAZARA iliyojengwa na Wachina ikakabidhiwa mwaka 1976. Mlango wa Afrika Kusini, ambako magari ya Kimarekani yenye usukani wa kulia yalikuwa yakitoka, ulikuwa umeshafungwa kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Uamuzi ule ulikuwa wa haki. Matokeo yake ni kwamba Chevrolet na Dodge zilizobaki zilikosa spea na zikafia uani.

Mercury yenyewe iliendelea kung'aa kwao kwa muda. Cougar ya mwaka 1967 ilipendwa sana, na Dan Gurney aliiendesha katika mbio za Trans-Am. Kisha mafuta yakapanda bei mwaka 1973, sheria za moshi zikakaza, na badala ya kutafuta wazo jipya wakubwa wakachagua njia rahisi: kuchukua Ford, kubadilisha grili na taa, kuandika Mercury. Sable ilikuwa Taurus. Mountaineer ilikuwa Explorer. Mariner ilikuwa Escape. Mteja hakuona sababu ya kulipa zaidi kwa jina tupu, na mauzo ambayo mwaka 1978 yalizidi magari laki tano yalishuka chini ya laki moja mwaka 2009. Pontiac, iliyokuwa mshindani wake wa kasi kule General Motors, ilitangaziwa kifo mwaka huohuo. Ford ilitangaza kuizika Mercury Juni 2, 2010, na gari la mwisho, Grand Marquis, lilitoka kiwandani Ontario, Kanada, Januari 4, 2011.

Hukumu yangu ni kwamba Mercury haikuuawa na tope letu. Iliuawa na watu wake walioacha kuitengeneza na kubaki kuipaka rangi. Tope la mwaka 1964 lilionyesha mapema tu kwamba jina lililojengwa kwa matangazo halina pa kushika linapoteleza.

Historia ya Mercury, hata hivyo, imeandikwa kwa undani hadi tarehe ya gari la mwisho. Ya madereva na matingo wa Hell Run imebaki midomoni mwa wazee, na wazee wanaondoka. Kama wewe ni wa Tunduma, Mbozi au Momba, na baba au babu yako aliendesha lori kati ya Dar es Salaam na Zambia miaka ile, mkalishe wiki hii. Muulize aliendesha gari gani, nani alikuwa fundi wake, walilala wapi, nani hakurudi. Andika majina.