Mtoto yuko darasa la nne lakini hajui kusoma: shule ifanye nini?

Wazazi wengi wanalijua jambo hili. Mtoto anakwenda shule kila siku na daftari limejaa, lakini ukimpa barua akusomee anakaa kimya. Amejifunza kunakili ubaoni, hajajifunza kusoma. Asiposaidiwa mapema kila somo litampita, na mwishowe ataacha shule. Hapa tunaeleza hatua ambazo walimu wanaweza kuanza nazo bila kusubiri fedha.

Kwa nini hutokea?

Tanzania ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 2001. Watoto wengi waliingia shuleni, lakini walimu na vyumba havikuongezeka kwa kasi hiyo. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na shule nyingi za vijijini zimepita hapo. Katika msongamano huo, mwalimu huenda na wale wanaomfuata. Walioachwa nyuma hugundulika kwenye Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne, wakati tayari wamechelewa.

Mwalimu wa darasa

Kwanza, mpime kila mtoto peke yake. Mpe asome silabi, kisha maneno, aya, na hadithi fupi ya darasa la pili. Dakika tano zinatosha. Andika alipokwama.

Pili, kwa saa moja kila siku, wapange watoto kwa kiwango chao, hata kama wanatoka madarasa tofauti. Shirika la Pratham la India limeutumia mtindo huu kwa miaka mingi. Wa silabi waunde maneno kwa kadi za maboksi. Wa aya wasome, kisha wasimuliane walichosoma. Wapime tena baada ya wiki chache, na aliyeweza apande. Makundi yaite majina ya matunda au ndege, asiwepo mtoto wa kuitwa "kundi la mwisho".

Mwalimu mkuu

Ilinde saa hiyo: asitumwe mtoto kuchota maji wala kufagia. Mwalimu hodari mpange darasa la kwanza na la pili, si la saba tu, maana msingi ukiwa mbovu hakuna cha kujenga juu yake. Ukikagua, usiishie kwenye andalio la somo. Ingia darasani, chagua watoto watatu wa nyuma, wasikilize wakisoma.

Na mzazi je?

Hata kama hujui kusoma, unaweza kumwambia mtoto akusomee ukurasa mmoja kila jioni. Akisitasita kila neno, usimchape wala kumcheka. Nenda shuleni umuulize mwalimu: "Mwanangu amekwama wapi?" Mwalimu aliyempima atakuwa na jibu.