Petikoti, Raba na Sidiria

Desemba iliyopita nilimpelekea mama viatu vya kukimbilia. Si kwamba mama ni mkimbiaji. Ana miaka hamsini na kitu, anachuma chai Mogogosiek, na daktari alikuwa amemwambia awe anatembea kwa kasi kila asubuhi kwa sababu ya presha. Mimi naishi Nairobi na hukimbia jioni mara tatu kwa wiki, kwa hivyo nikajiona mtaalamu. Nilizunguka Gikomba saa mbili nzima hadi nikapata ndula moja safi, soli haijalika, rangi ya kijivu isiyoonyesha matope. Aliyeniuzia aliapa ni kamera. Nikafunga safari.

Mama alivipokea kwa mikono miwili. Akavigeuza, akakagua soli, akavirudisha kwenye mfuko. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, ingawa jikoni tulikuwa wawili tu:

"Na ya juu je?"

"Ya juu gani, Mama?"

Akajigusa kifua kwa kiganja, haraka, kama mtu anayefukuza nzi.

Hapo ndipo nilipojua kwamba mama alikuwa mkimbiaji. Mwaka 1988, akiwa darasa la nane, alikimbia mita 1,500 miguu mitupu, akashinda zoni, akashinda divisheni. Kwenye mashindano ya wilaya alijua kifua chake hakitulii tena kama mwaka uliotangulia. Asubuhi hiyo kogo, yaani mamake, akapasua petikoti yake kuukuu, akamfunga kifuani kwa kile kitambaa, fundo mgongoni. Mzunguko wa tatu fundo likalegea. Mama akamaliza mbio akiwa ameshika kitambaa kwa mkono mmoja, watu wamesimama kando ya uwanja wakicheka. Alikuwa wa nne. Hakukimbia tena.

"Haikuwa miguu," aliniambia. "Miguu ilikuwa sawa."

Nimeifikiria sentensi hiyo tangu siku ile. Hadithi ya wakimbiaji wetu tumezoea kuisimulia kuanzia chini: mtoto wa kijijini, miguu mitupu, kilomita kadhaa hadi shule, halafu siku moja kiatu cha kwanza na medali. Ni hadithi ya kweli. Lakini kwa wanawake imekatwa kiunoni. Niliporudi Nairobi nikaanza kuitafuta nusu ya juu.

Kenya ilipeleka wanawake kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1968, Mexico City: Lydia Stephens, Tecla Chemabwai na Elizabeth Chesire. Kufikia hapo Wilson Kiprugut, mtu wa huku kwetu Kericho, alikuwa ameshaipa nchi medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800, Tokyo 1964. Medali ya kwanza ya mwanamke Mkenya ilikuja Atlanta mwaka 1996, fedha ya Pauline Konga katika mita 5,000. Hesabu mwenyewe: miaka 32.

Kabla hujasema wanawake walilala, angalia walichoruhusiwa kukimbia. Mita 800 za wanawake ziliingia Olimpiki mwaka 1928, wakubwa wakaamua kwamba mwanamke hawezi umbali huo, wakaziondoa hadi 1960. Mita 1,500 zikaja 1972. Marathoni ya wanawake ikaja 1984. Hizo mita 5,000 za Konga ndizo zilikuwa zinakimbiwa na wanawake kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza siku ile aliyopata fedha. Sasa fikiria kama mfanyabiashara: kama mbio zenyewe hazipo, nani atakaa chini atengeneze kiatu chake, kaptura yake au sidiria yake?

Na hapa anaingia msichana ambaye nadhani kila Mkenya angepaswa kulijua jina lake. Mapema miaka ya 1970 Sabina Chebichi, bado mtoto wa shule, alikimbia mbio miguu mitupu akiwa amevaa petikoti, akashinda. Magazeti yakampa jina la utani: Binti Mfalme wa Petikoti. Mwaka 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, Nyuzilandi, alipata shaba ya mita 800. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata medali ya riadha kwenye michezo hiyo.

Watu husimulia ile petikoti kama kichekesho cha kijijini, msichana mshamba asiyejua mavazi ya uwanjani. Lakini ukijua historia ya vifaa vyenyewe, unaona kitu kingine. Mwaka 1974 sidiria ya michezo haikuwa imeanza kuuzwa popote duniani. Si Kitale, si Kericho, si London. Msichana tajiri wa Marekani aliyetaka kukimbia siku hiyo alikuwa na tatizo lile lile, isipokuwa yeye alikuwa na raba.

Sidiria ya michezo ilizaliwa mwaka 1977 katika jimbo la Vermont, Marekani. Lisa Lindahl alikuwa ameanza kukimbia na anaumia kifua. Dadake akamuuliza kwa utani kwa nini wanaume wana kile kivazi cha kushikilia sehemu zao za siri wakicheza na wanawake hawana chochote. Lindahl, pamoja na Polly Smith, aliyekuwa mshonaji wa mavazi ya maigizo, na Hinda Miller, wakachukua viwili vya hivyo vya wanaume, wakavikata, wakavishona pamoja. Vilishika. Wakakiita Jogbra, na mwaka 1979 wakapata hataza. Kwa maneno mengine, kivazi cha kwanza cha aina hiyo kwa mwanamke kilitokana na vazi la mwanamume lililokatwa vipande. Kogo alifanya ufundi uo huo jikoni kwake mwaka 1988, kwa petikoti. Tofauti ni kwamba hakuwa na lastiki.

Na kwa nini kinahitajika hata hivyo? Titi halina msuli ndani yake. Linashikiliwa na ngozi na nyuzi laini, na ukikimbia haliruki juu na chini tu, linakwenda pia upande na mbele. Sidiria ya kawaida imeundwa kwa mtu aliyesimama au aliyeketi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, walitoa matokeo ya kuwauliza wasichana zaidi ya 2,000 wa shule: karibu nusu walisema matiti yao yanaathiri namna wanavyoshiriki michezo. Hao ni watoto wenye maduka mtaani kwao. Nilimsomea mama habari hiyo kwa simu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe na wao."

Viatu navyo vina kisa chake. Kiatu hushonwa juu ya kalibu, ile mfano wa mguu ambayo fundi huizungushia ngozi au kitambaa. Kwa miaka mingi kalibu ya raba za mbio ilikuwa mguu wa mwanamume. Kampuni zilipotaka kuwauzia wanawake, walikipunguza kile kile na kukipaka rangi ya waridi. Lakini mguu wa mwanamke kwa kawaida si mguu wa mwanamume uliopunguzwa. Kisigino huwa chembamba ukilinganisha na upana wa vidole. Ndiyo maana wengi wetu tumewahi kuvaa raba inayobana mbele na kupwaya nyuma, tukadhani miguu yetu ndiyo mibaya.

Huku kwetu hata hiyo ya waridi ilichelewa. Waliosoma enzi za mama walikuwa na raba ya turubai ya Bata, kama mzazi alijiweza, na ilikuwa ya kwenda nayo kanisani. Shambani ni gambuti. Mitumba ilipomwagika miaka ya 1990, ndipo viatu halisi vya mbio vilipofika masoko ya Bomet na Kericho, vikiwa vimeshakimbiwa na mtu mwingine, vya saizi yoyote itakayotoka kwenye bale.

Na bado walishinda. Tegla Loroupe alishinda New York Marathon mwaka 1994, mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda mojawapo ya marathoni kubwa za dunia, na mwaka huo huo akashinda mita 10,000 za Goodwill Games miguu mitupu. Joyce Chepchumba, mzaliwa wa Kericho, alishinda London 1997 kwa tofauti ya sekunde moja, kisha akapata shaba ya marathoni Sydney 2000. Tunapenda kuwataja hawa kama ushahidi kwamba vifaa si kitu. Mimi siku hizi nawasoma tofauti. Hao ni waliopita. Kwa kila aliyepita, sijui ni wangapi kama mama waliobaki kando ya uwanja wameshika kitambaa.

Halafu kuna Faith Kipyegon. Alizaliwa Bomet mwaka 1994, akakulia Keringet. Mwaka 2011, huko Punta Umbría, Uhispania, alishinda mbio za nyika za dunia za vijana akiwa hana kiatu mguuni. Miaka 14 baadaye, Juni 26, 2025, alisimama kwenye uwanja wa Charléty, Paris, kujaribu kukimbia maili moja chini ya dakika 4. Safari hii alikuwa na njumu zilizotengenezwa kwa ajili yake peke yake, suti yenye vinundu vidogo vya kupunguza ukinzani wa upewa, na sidiria iliyochapishwa kwa mashine, tabaka juu ya tabaka. Alimaliza kwa 4:06.42. Haikuhesabiwa kuwa rekodi, kwa sababu ya jinsi wasindikizaji walivyopangwa, na dakika 4 hazikuvunjika. Watu wakabishana mtandaoni kuhusu viatu. Mimi niliganda kwenye ile sidiria. Binti wa kaunti yetu, na kampuni kubwa imeketi ikafikiria kifua chake kwa makini kama inavyofikiria miguu yake. Kutoka petikoti ya Chebichi hadi pale ni miaka hamsini na kitu tu. Mama anakumbuka karibu yote.

Sasa, wewe hutachapishiwa chochote, na mimi pia. Tunanunua kwa pesa zetu ndogo. Haya ndiyo niliyojifunza kwa kukosea.

Anza na ya juu. Ukiwa na elfu chache, gawa. Usimalize zote kwa ndula. Mkanda wa chini ndio unaobeba kazi kubwa, si kamba za mabegani. Ukaze vya kutosha hadi vidole viwili vipite chini yake, si zaidi. Inua mikono: ukipanda, ni mkubwa. Ruka mara kumi hapo hapo dukani, mwache muuzaji akushangae. Ya mtumba ivute kwanza. Lastiki iliyochoka hairudi haraka. Ifue kwa mkono, iweke mbali na moto wa jikoni.

Kiatu kinunue jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kama unavyovimba ukikimbia. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Kisigino kisiinuke. Ukiwa mtumbani, kiweke mezani ukitazame kwa nyuma: kikiegemea upande mmoja, mwenye kwanza amekuachia mwendo wake. Bonyeza soli ya kati. Ikiwa ngumu na imejaa mikunjo, imekufa hata kama juu inang'aa. Na usiamini namba: saizi 8 ya kike ya Marekani ni kama 6 na nusu ya kiume, na kwenye rundo zote zimechanganyika. Jaribu mguuni.

Kwa mapaja na chini ya mkanda, paka mafuta ya mgando. Hilo halina historia, linasaidia tu.

Aprili nilirudi Mogogosiek na sidiria mbili za michezo, nyeusi na ya buluu. Mama alijifungia chumbani. Nikasikia sakafu ya mbao ikilia: mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Alikuwa anaruka. Alipotoka hakusema kitu, ila siku iliyofuata alikwenda kuchuma nayo, chini ya sweta na ile aproni ya plastiki, kikapu mgongoni. Zile ndula za kijivu bado ziko kwenye mfuko wake. Anasema ni za kwenda nazo safari.

Jioni, tukinywa chai, mtoto wa dadangu alipita akielekea kulala. Yuko Gredi ya 8, ana miaka 13, na mwaka jana ndiye aliyekuwa wa kwanza mita 800 shuleni kwao. Muhula huu amemwambia mwalimu wa michezo kwamba goti linamsumbua. Mama alimtazama hadi mlango ukafungwa.

"Huyo hana goti," akaniambia. "Ukirudi usimletee viatu kwanza. Mletee ile ingine."