Kanuni za Kozi ya Kalkulasi Nazo Hufundisha

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupokea maelezo ya kozi ya kalkulasi kabla hajaandika mlinganyo hata mmoja. Humo hukuta mgawanyo wa alama, tarehe za testi, onyo kuhusu kunakiliana na ushauri juu ya saa za kujisomea. Wahadhiri wengi huyachukulia maelezo hayo kuwa shughuli ya utawala: huandikwa mara moja, kisha hurithishwa mwaka hadi mwaka. Makala hii inashikilia kwamba kanuni hizo ni sehemu ya ufundishaji wenyewe, na kwamba zinastahili kupimwa kwa ushahidi kama vinavyopimwa vitabu na mihadhara.

Ushahidi wenye uzito mkubwa ulipatikana katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Katikati ya miaka ya 1970 Uri Treisman, wakati huo akiwa mwanafunzi wa uzamivu, alitaka kujua kwa nini wanafunzi Weusi waliong'ara sekondari walikuwa wakianguka kwa wingi katika kalkulasi ya mwaka wa kwanza. Alipowauliza walimu, walimtajia ari ndogo, msingi dhaifu, umaskini na familia zisizosukuma elimu. Majibu hayo hayakumtosheleza. Aliwachagua wanafunzi 20 Weusi na 20 wenye asili ya China, akawafuatilia hadi mabwenini aone wanavyosoma.

Alichokiona kilibomoa maelezo yale yote. Wanafunzi Weusi walihudhuria vipindi, walikabidhi kazi kwa wakati na walijisomea saa sita hadi nane kwa wiki. Hesabu hiyo ilikuwa na chanzo chake: walikuwa wameambiwa kwamba kila saa ya darasani inahitaji saa mbili za kujisomea, nao wakatii. Walisoma kila mtu peke yake. Wenzao wenye asili ya China walitumia kama saa 14. Kwanza kila mmoja alipambana na maswali kivyake, halafu jioni walikutana, wakapika na kula pamoja, wakalinganisha majibu na kukosoana. Swali likiwashinda wote, walijua kuwa ni gumu kwelikweli, na hakuna aliyekwenda kulala akidhani kwamba yeye pekee ndiye mzito wa kuelewa.

Jambo moja hapa halijapewa uzito unaostahili. Walioanguka walikuwa wamefuata maelekezo kwa uaminifu mkubwa. Maelekezo ndiyo yaliyokuwa na kasoro. Sentensi moja ya ushauri, iliyoandikwa kwa nia njema, iliwawekea kikomo cha bidii na ikanyamaza kuhusu kusoma pamoja. Treisman alianzisha warsha ambamo vikundi vidogo vilikabidhiwa maswali magumu kuliko ya darasani. Alikataa katakata kuiita warsha ya wanafunzi dhaifu. Walioalikwa waliambiwa kwamba chuo kinatarajia makubwa kutoka kwao. Wanafunzi Weusi waliohudhuria walipata matokeo mazuri kuliko wenzao wasiohudhuria, wakiwemo Wazungu na Waasia.

Je, kozi yenye mamia ya wanafunzi inaweza kuyaandika mafunzo hayo katika kanuni zake? Chuo Kikuu cha Michigan kilijaribu kuanzia miaka ya 1990. Huko kazi ya nyumbani ya kikundi hukabidhiwa ikiwa moja kwa wanafunzi watatu au wanne, na majukumu huzunguka: wiki hii mmoja anaandika, wiki ijayo anasimamia mjadala. Utaratibu huo unatibu ugonjwa unaojulikana na kila mhadhiri, wa mmoja kukokotoa na wengine kutia majina. Mitihani mikubwa ni ile ile kwa madarasa yote, na husahihishwa kwa pamoja, hivyo alama ya mwanafunzi haitegemei bahati ya kupangiwa mwalimu mpole.

Kanuni ya Michigan iliyogusa zaidi mjadala wa viwango vya ufaulu ilikuwa ya mtihani mfupi wa stadi, kwa mfano kukokotoa viwango vya badiliko kwa kutumia fomula. Jibu ama lilikuwa sahihi ama halikuwa sahihi, na hapakuwa na alama za njia. Mwanafunzi alilazimika kupata karibu maswali yote, lakini aliruhusiwa kurudia tena na tena hadi tarehe ya mwisho bila kuadhibiwa kwa majaribio yaliyotangulia. Asiyefaulu kufikia tarehe hiyo alishushiwa alama ya kozi nzima. Ukali uliwekwa kwenye kiwango cha umahiri, na huruma iliwekwa kwenye muda. Anayedai kwamba kuruhusu marudio ni kulegeza viwango aitazame kanuni hii vizuri, kwa kuwa ilidai mengi kuliko testi ambayo mtu hupita kwa alama 40 akiwa bado hawezi kukokotoa kiwango cha badiliko cha tungo rahisi.

Takwimu za karibuni zinaelekea upande huohuo. Uchambuzi wa Scott Freeman na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014, ulikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati. Waliofundishwa kwa mihadhara pekee walifeli kwa asilimia 33.8, na waliotatua maswali na kujadiliana darasani kwa asilimia 21.8. Mwaka 2023 ukafuata utafiti wa Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Florida, ambako wanafunzi 811 wa kalkulasi waligawiwa kwa bahati nasibu katika madarasa 32. Madarasa ya kutatua maswali kwa vikundi yalikuwa na kiwango cha kufaulu kilichozidi cha mihadhara kwa pointi 11 za asilimia.

Hali ya Afrika Mashariki ina mambo yake. Mkenya amekutana na kalkulasi Kidato cha Nne, mara nyingi kwa haraka mtihani ukikaribia. Mtanzania wa mchepuo wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) ameisoma kwa miaka miwili. Kusoma pamoja si jambo geni: pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vimbweta (meza na viti vya zege vya nje) hujaa wanafunzi wanaopiga diskasheni. Kinachokosekana ni kanuni ya kozi inayoipa kazi hiyo nafasi na alama. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kawaida hutenga asilimia 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani wa mwisho, na vyuo vingi vya Kenya 30 kwa 70. Ndani ya sehemu hiyo ndogo ya muhula mna nafasi ya kutosha kwa kazi ya kikundi yenye majukumu yanayozunguka.

Pingamizi la haki ni la wingi wa wanafunzi na uchache wa wahadhiri. Vikundi vya darasani vinahitaji vyumba na wasaidizi, na hilo ni suala la bajeti. Mtihani mfupi wa stadi hauhitaji hayo. Maswali saba yasiyo na alama za njia husahihishwa upesi, na toleo jipya hutungwa kwa kubadilisha tungo zilezile. Leo aliyeshindwa kanuni ya mnyororo wiki ya nne husubiri sapu, yaani mtihani wa marudio, miezi kadhaa baadaye, na katika vyuo vingi hata akifanya vizuri namna gani alama yake haivuki C. Wakati huo mada zilizojengwa juu ya kanuni hiyo zimeshapita. Idara ya hisabati inaweza kuanzisha mtihani wa aina hiyo muhula ujao, kwa majaribio matatu kabla ya wiki ya nane, bila kugusa mgawanyo wa alama uliopitishwa na seneti.